Kawa Iliyoficha Korosho

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Assalamu alaikum. Huku Magomeni tu wazima. Babu yako goti linamsumbua, mdomo haumsumbui. Shangazi yako wa Msimbati kajifungua mtoto wa kike, kichanga kinalia mpaka visima vya gesi vya huko vinasikia.

Unasema watu wanaingia kwenye tovuti yako ya korosho, wanatoka bila kununua, na sasa unataka kuifunga. Binamu yako kanionyesha kwenye simu. Picha yako, muziki, hadithi ya ukoo, mpaka mimi nimo! Korosho sikuziona. Nikamwambia shusha, shusha, mpaka kidole kikamchoka.

Usichanani mwangu nilipeleka sinia la korosho za kukaanga sokoni Chikongola. Nikazifunika kwa kawa niliyoisuka mwenyewe kwa ukili wa rangi, nzi wasitue. Ilikuwa nzuri, sifichi. Watu wakasimama, wakaisifu, wakaenda zao. Adhuhuri mama mmoja akauliza, "Kawa hiyo bei gani?"

Nikafoka, "Siuzi kawa!"

Akacheka. "Sasa unauza nini, mwanangu?"

Nikaifunua, nikamtilia korosho kiganjani aonje. Kabla ya alasiri sinia lilikuwa tupu.

Usifunge duka, we mtoto. Korosho mbele, bei ubavuni, na pa kuagizia pasitafutwe kama sindano. Picha yangu ipeleke nyuma huko, atakayeshiba atanitafuta. Tena uibadilishe, hiyo nimefumba macho.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa langu la tatu halikuoza.

Bibi yako, Somoe