Baragumu Lisiloingia Wimboni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa mawazo yako, nami nakusihi usinicheke, maana mimi ni mzee na jambo lenyewe ni la kinanda. Kanisani kwetu hapa Tabora, kabla ya wimbo wa mwanzo wa kila sikukuu, mpiga kinanda hutangulia na mlio wa baragumu, ule waliokuwa wakiupiga wapagazi walipoukaribia mji, ili wa nyumbani wajue wamefika. Haukuandikwa popote, babu yangu aliubeba kichwani pamoja na mzigo, nami huugeuza na kuupamba kwa vidole kadiri nijaliwavyo hadi uungane na wimbo, na miaka yote aliyenijulisha kwamba wakati umetimia ni mke wangu Apolinaria, akiwa safu ya mbele ya sauti ya kwanza, akikohoa kidogo tu, nami naingia wimboni, naye anaingia. Alifariki katika Kwaresima ya mwaka jana. Tangu hapo naanza vema, kisha nazunguka, nakisubiri kikohozi, waumini wamesimama, watoto wanalia. Baada ya Misa Xavery, mwalimu wa kwaya, huniambia, "Shikamoo babu, leo msafara wako umepotelea njiani, huko Kaliua?" Wanakwaya hucheka. Sasa ameniomba nipumzike Pasaka hii, apige mwingine. Nikiacha, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nikiendelea, nawatesa watu wa Mungu. Nishike lipi?

Sixbert, Ng'ambo

Mzee Sixbert, shikamoo. Pole kwa kuondokewa na Mama Apolinaria. Machozi yako hayana kosa, lakini ukimya wako unalo. Je, umemweleza Xavery unachokisubiri? Barua yako haisemi. Kama bado, basi anadhani unajionyesha, anatania huzuni asiyoijua. Unawasimamisha watu kwa ajili ya siri, kisha unaumia wasipoielewa.

Tena umesahau maana ya mlio wako, nawe ndiwe uliyenifundisha kwa barua hii. Baragumu hupigwa na anayefika. Wewe unalipiga kumwita aliyeondoka. Mpagazi aliyekwisha kulipiga hakubaki nje ya mji na mzigo kichwani. Aliingia, akatua, akawasalimu aliowakuta, hata kama kuna aliyemkosa.

Usiache kinanda. Kwenye mazoezi ya wiki hii, waeleze Xavery na kwaya nzima habari ya kikohozi. Siku ya Pasaka, ukimaliza baragumu, inua mikono, unyamaze. Usimwombe mtu yeyote akohoe. Kile kilikuwa chake, na kimekwenda naye. Wa safu ya mbele wataanza wenyewe. Sauti utakayoisikia haitakuwa yake, na itakuuma. Rudisha vidole, uifuate.