Mstari wa Minago

Rumonge, Jumanne

Sijatulia bado. Mwezi mzima nimegombana na Espérance, mwenzangu kazini, kuhusu programu yake ya kunyoosha mistari ya msimbo wa kompyuta, inayopanga tu mwonekano wake. Mimi, mashine inifundishe kuandika?

Leo akaipitisha kwenye msimbo wangu, ule unaotuma onyo la upepo kwenye simu za wavuvi wa Minago na Kabonga. Mstari wa Minago, unaotuma onyo huko, ukasogea ndani, chini ya sharti la Kabonga: kama upepo unavuma kule.

"Programu yako imeuharibu!" nikafoka.

"Hapana, muzee. Mustari iko humo tangu zamani. Ni wewe uliupanga uonekane iko nje."

Kweli. Minago wamekuwa wakipata onyo pale tu upepo unapovuma Kabonga. Siku nyingine waliingia ziwani bila...

Nimerekebisha. Kesho nakwenda Minago kuwaambia mwenyewe.

Espérance hakunicheka. Afadhali angenicheka.