Nywele Nyeupe Mgongoni mwa Tumaini

Jumamosi. Ukungu umetanda tangu mchana na nguo nilizoanika jana bado mbichi.

Nimemkumbuka Tumaini siku nzima, na wala hayuko mbali. Yuko bandani, hatua chache kutoka hapa ninapoandika. Hii ni wiki ya sita sijampanda.

Tumaini ni farasi jike wa Baba Elia, mwenye shamba ninalofanyia kazi hapa Irente. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni: wao nyuma juu ya farasi wengine, mimi mbele juu ya Tumaini. Kwa miaka mitatu nilijiona fundi. Sikuwahi kuanguka, na niliringa kwa hilo.

Kumbe aliyekuwa akinishikilia ni yeye.

Sisi wa huku tumekulia kwenye miteremko. Njia ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande wa pili korongo, na mtoto hufundishwa mapema: ukipita hapo, egemea mlimani. Nikapanda farasi na mwili huohuo. Njia yetu ya wageni huzunguka mlima ukiwa kulia siku zote, kwa hiyo kila siku nililivuta tandiko kulia, naye akajipinda ili nisidondoke. Alianza kupiga mkia nikikaza mkanda wa tandiko. Nikamwita mvivu.

Siku nilipomvua tandiko nikakuta kidonda cha upana wa kiganja mgongoni mwake, nilijificha nyuma ya banda nikalia.

Baba Elia hakunifokea. Alisema Tumaini apumzike, na kidonda kikirudi, nisimpande tena. Bora angefoka.

Aliyenisaidia ni mama. Nilipomsimulia, aliniuliza, "Ulipokuwa unabeba ndoo ya maji kichwani, ulikuwa unaegemea wapi?"

Sikuwa nikiegemea popote. Maji yangemwagika.

Basi kila asubuhi nikawa nakaa juu ya gogo la mkaratusi, miguu inaning'inia, bakuli la maji kichwani. Wenzangu walinicheka wakachoka. Wiki mbili za kwanza nililowa kila siku. Alhamisi Baba Elia aliniruhusu kumpanda farasi wake mzee, nikaizunguka njia yote na bakuli langu. Nilirudi na nguo kavu, na jambo la kwanza nililotaka ni kwenda kumwambia Tumaini.

Leo nimepewa ruhusa ya kumpanda. Kidonda kimepona, ila nywele zilizoota pale ni nyeupe, na nimeambiwa zitabaki hivyo. Nilipoingia na tandiko, alilaza masikio nyuma akarudi hadi ukutani.

Ningeweza kumfunga nimwekee tandiko kwa nguvu. Nilitamani sana. Nimelitundika tandiko, nikamvalisha kamba, tukaizunguka njia yetu kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Pale ukingoni nilijikuta nimeegemea mlimani kama kawaida. Nikajinyoosha. Sijui kama aliona.

Kesho baada ya ibada nitaliweka tandiko chini, alinuse akitaka. Asipotaka, tutatembea tena.

Mimi nimejifunza kukaa. Je, yeye atakubali nikae tena?