Kibali cha Desmond

Mtaa wa Forge 14,
Wirrabeen, Victoria.
30 Agosti 1956.

Mpendwa Binamu Garnet,

Naomba uisome barua hii mezani, kwa sauti, mbele ya Bibi Loveday kwanza, nampa shikamoo yake. Kisha Mjomba Wesley, Shangazi Ivy, na nyote mliokutanika hapo Kalgoorlie. Hamjambo? Kifua cha Bibi kimetulia? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio uliochafuka.

Mnajua kwamba kaka yangu Desmond, tangu arudi vitani, aliilinda ngome ya klabu ya mpira ya Wirrabeen misimu kumi, akaacha meno manne kwenye tope lao. Mwezi wa Machi klabu ya Tallagoon, ng'ambo ya mto, ilimwomba akawe mwalimu wa timu yao, na kumpa nyumba juu yake. Lakini mtu wa klabu hahami bila kibali cha klabu yake, na kamati yetu ikakataa. Wala wao wenyewe hawakumchezesha; Desmond akakaa nje ya uzio wa uwanja msimu mzima.

Ijumaa iliyopita mwenyekiti, Bwana Pascoe Lyle, aliingia jikoni kwetu kofia mkononi. Beki wao alikuwa ameumia, na mechi ya kesho yake ndiyo ya kuingia nne bora.

"Des, mzee wangu, mechi moja tu! Daktari atakupiga sindano ya ganzi kwenye hilo goti lako bovu. Jumatatu kibali unacho."

"Tangu Aprili mmemsimamisha uzioni kama ng'ombe wa mnada," Mama akadakia, "leo ndiyo mmekumbuka ana miguu?"

Desmond akacheza. Robo ya mwisho ya mchezo goti lile likakatika. Walishinda kwa pointi mbili. Yeye akatolewa amelazwa juu ya ubao.

Jumatatu nilimsindikiza kwa Bwana Lyle. Alicheka.

"Kibali cha nini tena, Des? Ukawafundishe kuchechemea?"

Nikamshika Desmond mkono, tukatoka. Na bado wana uso wa kutualika meza ya mbele katika karamu yao ya Septemba 15!

Tallagoon wanamtaka hata na mkongojo, lakini watamngoja mpaka mwisho wa Septemba tu.

Karamuni hutolewa kombe la mchezaji bora, lile alilolitoa Bibi kwa jina la marehemu Babu, na halikabidhiwi bila ridhaa yake ya kila mwaka.

Msalimieni Binamu Thora na wanawe. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Sisi wa huku tumekata shauri: kombe la Babu lisitolewe mpaka kibali cha Desmond kitiwe sahihi. Bibi aizuie ridhaa yake, na Mjomba Wesley apeleke simu ya maandishi kwa kamati kabla ya Ijumaa, Septemba 14.

Ndimi ndugu yenu, niwapendaye kwa dhati,
Enid Trevaskis