Mguu wa Panzi

3 Machi

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na macho yanakusumbua kidogo kuliko mwezi uliopita. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia meza siku nzima.

Umeniuliza hapa makumbusho wananilipa kwa kazi gani hasa. Nasafisha sarafu za kale, baba. Kijiti, maji yaliyochujwa na subira, basi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Nilidhani pesa ya kale itakuwa na nambari kama zetu. Hizi nyingi hazina. Kuna yenye kasa, yenye nyuki, yenye suke la nafaka. Mkuu wangu, mama mmoja mkali asiyependa mlango ubamizwe, anasema kila picha ilikuwa kiapo. Mji uliojivunia mashamba ulichora suke, yaani: nipokee bila wasiwasi, nyuma yangu kuna ghala. Mchukuzi hakujua kusoma, lakini suke alilijua.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ya fedha, ina suke, na panzi amekaa kwenye jani. Panzi huyo hana mguu mmoja wa nyuma, ule wa kurukia. Mkuu ameutafiti mguu huo miaka tisa. Anasema mji ulikuwa unatangaza kwamba njaa umeikata mguu, haitaruka tena kuingia mashambani. Kitabu chake kinatoka Agosti, na panzi ndiye atakayekaa kwenye jalada. Wiki ijayo nitakabidhiwa nimsafishe. Nilicheka peke yangu kwa jinsi unavyoniita.

Mwanao,
Panzi

19 Machi

Mwanangu Panzi,

Marahaba. Mimi mzima, ila jicho la kushoto limeamua kustaafu kabla ya mwenyewe. Barua yako nimeisoma kwa kioo cha dukani, kile ninachokagulia vito. Jirani yangu fundi saa anakusalimu, anauliza ukishamaliza kuzisafisha pesa za marehemu utaanza lini kuzitumia.

Kuhusu hiyo sarafu ya panzi, mwachie mwenzako aisafishe. Wewe bado mgeni hapo, na kitu kikubwa kikiharibika mkononi mwa mgeni hakuna atakayemtetea.

Kula vizuri. Usilale na miwani.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za macho, nisamehe.

Nilimsafisha mwenyewe. Mistari ya suke yote inalalia upande mmoja, kama ya mtu anayeshika tindo kwa mkono wa kushoto, kama wewe. Jicho la panzi ni nukta mbili zilizobanana. Nukta hizo ninazo hapa kidoleni, kwenye pete ya mama uliyomchongea ndege.

Halafu kuna ule mguu. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuletea panzi ndani ya kibiriti, nilimkanyaga nikimkamata, na mguu wake mmoja ukabaki majanini. Nililia sana. Ukaniambia, mwache hapa mezani, mimi nitampa kazi.

Baba, ulimpa kazi gani?

Sijamwambia mtu. Niandikie upesi.

Mwanao

28 Mei

Baba,

Shikamoo. Ni wiki nane sasa. Nimepiga simu, fundi saa anasema uko ndani, una shughuli. Shughuli gani hiyo isiyokwisha?

Kitabu kinakwenda kiwandani mwisho wa Juni. Kila asubuhi mkuu ananiuliza panzi wake anaendeleaje, nami namjibu anaendelea vizuri. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayechanganya shaba kwenye pete ya mtu amemwibia mara mbili, dhahabu yake na imani yake. Nikisema, nakuvua nguo hadharani. Nikinyamaza, namwacha mama wa watu aingie shimoni nami nimesimama ukingoni. Naona haya kuja kazini, na naogopa.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakuandikia barua ya uongo, na kila nikiimaliza naipima, naiona nyepesi.

Mwaka ule alikuja mtu amevaa vizuri. Alileta sarafu iliyolika, akataka nimtengenezee nyingine ifanane na ya kale, ati kidani cha mkewe. Sasa, anayetaka kidani huomba tundu la kupitishia mkufu. Yeye alisema tundu hataki, nami sikuuliza. Panzi wa kwenye sarafu yake alikuwa amebaki kivuli tu. Wako alikuwa mezani, nikamtazama huyo, nikachonga nilichokiona.

Malipo yalinunua miwani yako ya kwanza. Ulikuwa unasoma ubao kwa kumuuliza wa jirani. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Umesema picha kwenye pesa ni kiapo. Basi mimi niliapa kwa jina la mji nisioujua, kwa ghala ambamo sikutia hata punje moja. Miaka yote nikiambiwa mkono wangu hauna mfano, nilikuwa namkumbuka panzi yule.

Ndani ya kifurushi hiki kuna muhuri wa chuma niliopigia sarafu ile. Sikuweza kuutupa, ni kazi nzuri. Mpe mkuu wako, asiwe na shaka. La kuvunda halina ubani. Wateja wangu nimeshawaambia mwenyewe, wasije wakasikia kwa wapita njia. Wawili wamechukua dhahabu zao wakaenda. Sikuwalaumu.

Baba yako

5 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umelala angalau siku mbili tatu. Mimi nimelala.

Nilimpelekea mkuu muhuri na barua yako. Aliiweka sarafu juu ya muhuri, ikaingia sawasawa. Akavua miwani. Kisha akaniuliza, "Huyo panzi alipotezaje mguu?" Nikamweleza habari ya kibiriti. Akasema, "Kumbe miaka tisa nimekuwa nikiandika habari zako." Akaenda kukisimamisha kitabu yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Hakunifukuza, lakini haniulizi tena chochote asubuhi.

Sarafu itawekwa kwenye kabati la vitu vya kughushi, pamoja na muhuri wake. Maelezo ya pembeni nimepewa niandike mimi. Nimeandika hivi: "Imechongwa kwa mkono na sonara ambaye hakujua kwamba itauzwa kama ya kale." Jina lako halimo. Niambie kama inafaa, kabla hawajachapa.

Nilikuonea haya kwa siku nyingi, baba, na siku zote hizo nilikupenda.

Mwanao,
Panzi

22 Julai

Panzi wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Samahani kwa mistari inayopanda mlima, naandika kwa jicho moja.

Mama mkuu mpe pole zangu. Mwambie mguu ule aliusoma vizuri, ila aliyeuandika hakuwa na neno la kusema.

Juzi alikuja bibi mmoja na pete ya marehemu mumewe, imepasuka. Kabla hajafungua kitambaa nilimweleza habari yote. Akasema ameshaisikia sokoni, anataka kuisikia kwangu. Akaniuliza swali moja tu, kama nilijua.

Maelezo yako ni mazuri, mwanangu, na najua kwa nini umeyaandika hivyo. Lakini hiyo nayo ni picha nzuri juu ya kitu kisicho na uzito. Futa "hakujua". Andika "alijua". Ndivyo nilivyomjibu yule bibi, na pete yake iko hapa mezani, aliiacha.

Baba yako