Kaa la Moto kwa Mama Tluway

Mjukuu wangu Neema,

Sisi tupo, ila magoti yangu yamegoma na mvua zimechelewa. Mama yako anakusalimu sana.

Unauliza utauzoeaje huo mji wa viwanda vya zamani huko Ujerumani, wenye watu wa kila taifa na hakuna anayekubishia hodi.

Nilipotoka Singida kuja kambi ya vibarua, kwenye shamba la kahawa hapa Karatu, nilikuja na kiberiti changu. Kila asubuhi wanawake wa kambi, Wambulu kwa Wagogo, walipita na vigae vya vyungu wakiombana moto. Mimi nilikoka wangu kimyakimya, nisisumbue watu. Wakawa wananipita bila salamu.

Siku moja kiberiti kililoa. Nikaenda kwa jirani yangu, Mama Tluway. Akanitilia kaa kwenye kigae huku akicheka: "Tulidhani wewe huhitaji mtu!"

Tangu siku ile nikakificha kiberiti.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Tluway. Nimechoka, mjukuu wangu. Jiko la gesi linawaka vizuri, lakini sina tena pa kuomba moto.

Wewe kesho gonga kwa jirani, uombe chumvi. Hata kama unayo.

Bibi yako