Bugali Yangu na Bata wa Mama Neema

Jumapili, jioni

Joto la kunata. Mawingu yamejazana juu ya milima tangu saa sita na mvua haitaki kuanguka. Nimefagia chumba mara mbili, nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nimefungua kompyuta nikaifunga, nikaifungua tena. Kukaa siwezi.

Kesho asubuhi natakiwa kuweka TFC yangu mezani kwa mwalimu anayeniongoza. Ndiyo kazi ya kufunga miaka yangu mitatu ya kusoma chakula: kinalimwa vipi, kinasafiri vipi, nani anakila na kwa nini. Nikiiweka kesho, nitaitetea mbele ya jury ya walimu mwezi huu pamoja na wenzangu. Nisipoiweka, nasubiri kikao cha pili, na ile nafasi ya kwenye kituo cha afya, ya kuwapikia uji watoto wadhaifu na kuwafundisha mama zao, ataipata mwingine. Wameshasema wanataka mtu mwenye diploma mkononi.

Kazi imekwisha na imechapwa. Tatizo ni moja tu.

Ni ya uongo.

Acha nieleze tangu mwanzo, labda nikiandika moyo utatulia. Kazi yangu ni juu ya unga wa muhogo uliochanganywa na unga wa ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa hapa kwetu Kalundu, Uvira, kila siku ya jua. Watoto wetu wanakula bugali ya muhogo mchana na jioni, wanashiba, lakini hawakui. Nikasema basi, tia samaki ndani ya unga wenyewe, mtoto ale vyote kwa tonge moja. Nilipika bugali tatu: ya kwanza muhogo mtupu, ya pili yenye ndagala kidogo, ya tatu yenye ndagala nyingi. Ile ya tatu ndiyo niliyoipenda. Kwenye karatasi ina nguvu kuliko zote, na tayari nilishaiota ikiwa kwenye mifuko mizuri yenye jina langu.

Ijumaa nikawaita mama tisa wa mtaa, uani kwa Mama Neema, jirani yetu ambaye kazi yake ni kuanika ndagala. Nikawapa waonje. Kisha kila mmoja aniambie pointi, toka moja hadi tano, nami nimesimama mbele yao na daftari, nimevaa na ile blouse nyeupe ya maabara ili nionekane mtu.

Tano. Tano. Tano. Bugali zote tatu, mama wote tisa.

Nilirudi nyumbani karibu nicheze njiani. Bugali iliyobaki niliwaachia ndani ya beseni langu, ili wale na watoto wao. Jioni ileile nikamtumia mwalimu jedwali kwa simu, akajibu kwamba hajawahi kuona matokeo mazuri namna hiyo.

Na hapa naungama. Mimi mwenyewe sikuweza kumeza tonge la pili la ile ya tatu. Ilikuwa chungu, na harufu yake ilinibaki puani mpaka usiku. Nikajiambia ni uchovu.

Jana asubuhi nikaenda kuchukua beseni langu. Nilipofika kwenye uzio wa matete nikasikia bata wanapiga kelele. Mama Neema alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anakwangua beseni langu kwa kijiko. Bugali ya tatu yote ilikuwa chini. Bata mmoja alionja, akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye maji.

Nikageuka kimya kimya, beseni nikaliacha. Niliamini hakuniona.

Nilipomsimulia mama yangu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ulitaka wakuambie nini? Weye umewapikia, tena umewasimamia na kalamu mu mukono! Nani ataangalia mutoto wa jirani mu macho amwambie chakula yako iko mubaya?"

Ninajua. Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka jana kwenye mtihani wa mila za chakula niliandika ukurasa mzima kwamba kwetu anayepikiwa hakosoi chakula mbele ya aliyepika. Nilipata pointi nyingi kuliko darasa zima. Halafu nikatoka nje nikafanya kana kwamba mama zetu ni vipimo vya maabara. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jana mchana kutwa nilikuwa nikijidanganya. Nani atajua? Jury hawatakuja Kalundu kuwauliza bata. Wale mama walisema tano kwa midomo yao, mimi niliandika nilichosikia. Kila mara nilikuwa karibu kuridhika, kisha nikawakumbuka watoto wa kituo cha afya. Mtoto mdhaifu hana adabu ya mezani. Akionja kibaya anafunga mdomo, na ukimlazimisha anatapika. Nikiwapelekea bugali ya tatu yenye pointi tano, nitakuwa nimewapelekea njaa ndani ya sahani.

Leo baada ya misa nikapika upya zote tatu. Nilikusudia kuwaomba mama waniambie ukweli, wanionee huruma. Nilijipanga maneno njia nzima. Lakini nilipoingia uani kwa Mama Neema nikawaona watano kati yao wamekaa kwenye mkeka wananitabasamia tabasamu lilelile la Ijumaa, ulimi wangu ukaenda upande mwingine.

"Leo hizi si zangu," nikasema. "Ni za mwenzangu wa Bukavu. Anaona haya kuja, ameniomba nimwonjeshee."

Uongo mwingine juu ya uongo. Sijivunii.

Lo! Mvua iliyokataa kuanguka Uvira ilinyesha pale uani kwa maneno. Mama mmoja alitema tonge la bugali ya tatu kiganjani. "Huyu wa Bukavu anachukia watoto?" Mwingine akasema inanuka mtumbwi wa zamani. Mama Neema alitafuna polepole, macho amefumba, kisha akaanza kufundisha: "Alisaga ndagala na vichwa. Uchungu unatoka pale mu kichwa. Na hawa samaki walinyeshewa, halafu wakaanikwa tena. Minye nikiwaweka mu kinywa nawajua. Ndagala ya namna hii iko ya kuku."

Kila neno lilikuwa kweli. Niliwanunua baada ya siku mbili za mvua, kwa haraka, na vichwa sikutoa kwa sababu kitabu kilisema vichwa vina madini. Nilikuwa nimesimama pale, mikono nyuma, masikio yanawaka, nataka ardhi inimeze.

Kisha wakafika kwenye ile ya pili. Mikono ikarudi kwenye sahani, ikarudi tena, mpaka mama mmoja akafuta ukingo kwa kidole. "Lakini hapa," akasema Mama Neema, "hapa huyu mutoto iko na mukono. Apunguze haraka tu. Atoe vichwa, achague samaki ya jua moja. Hii ya katikati hata bukwe wangu ningewapa."

Kuwapa wakwe! Katika miaka mitatu ya shule sijasifiwa hivyo, na sifa yenyewe siwezi kuipokea kwa sababu nimempa msichana asiyekuwepo. Nilitaka kulia na kucheka. Nikasema tu, "Nitamfikishia."

Nilikuwa nimeshatoka nje ya uzio aliponiita. Alikuwa na beseni langu, limeoshwa likang'aa, na ndani limejaa ndagala wakavu wa rangi ya fedha. Wote hawana vichwa.

"Umupelekee yule wa Bukavu. Chombo ya mutu hairudi tupu."

Nikashukuru. Nikageuka.

"Na umwambie," akasema nyuma yangu, "bata wangu wanamusalimia."

Nilitembea hatua kama kumi ndipo miguu ikasimama yenyewe. Basi jana aliniona pale kwenye uzio. Alijua tangu tonge la kwanza msichana wa Bukavu ni nani, na nadhani mkeka mzima ulijua. Wakamsema asiyekuwepo ili mimi nisihitaji kuinamisha uso. Wamenipa ukweli, na adabu yao haikuvunjika hata kidogo.

Nimeshafuta jedwali la tano tano tano. Naandika upya: nilivyokosea Ijumaa, bata, uongo wangu wa leo, vichwa, bugali ya katikati. Mwalimu anaweza kunipa wiki moja. Anaweza pia kusema kikao cha pili, na nafasi yangu iende. Naogopa, sifichi.

Lakini beseni liko hapa miguuni mwangu, linanukia jua. Kesho, kabla ya kwenda shule, nitapita kwa Mama Neema kumwambia kwamba mzigo umefika Bukavu salama, na mwenyewe amekuja kushukuru.